Slabu za Kumwaga Mwenyewe: Maji Ndiyo Yanayoponza

Mfuniko wa chemba umepasuka, njia ya kwenda bombani ni tope, kaunta ya jikoni imeliwa na mchwa. Kazi zote tatu zinataka zege, na hakuna hata moja inayomtaka mkandarasi. Fundi wetu mwashi anajibu.

Fundi, nataka slabu za njia, sentimita 60 kwa 60. Mfuko mmoja wa saruji utatoa ngapi?

Kwa unene wa sentimita 5, hesabu nane. Kipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto za nusu inchi. Pima kwa ndoo, si kwa chepe: chepe la asubuhi si chepe la saa nane mchana mtu akiwa na njaa. Slabu moja inapita kilo 40, kwa hiyo mwagia karibu na utakapoilaza. Nondo usihangaike nazo. Slabu inayolala juu ya mchanga ulioshindiliwa haizihitaji.

Na maji?

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hivi. Mchanga ukiwa mbichi, punguza. Vibarua hupenda zege la uji kwa sababu halitoi jasho. Lakini maji ya ziada yakishatoka huacha vitundu, na zege la vitundu halina nguvu. Vaa glavu, maana saruji inachubua, kisha finyanga konzi moja: likikaa kama tonge la ugali, sawa, likichuruzika, umezidisha. Likianza kukaza, usilifufue kwa maji.

Mbona zangu zilipasuka siku ya pili, na maji nilipunguza?

Uliyanyima pale yalipotakiwa. Zege haligandi kwa kukauka, linaganda kwa saruji kuungana na maji. Jua likiyanyonya mapema, kazi imeishia njiani. Mimi humwaga jioni, nafunika kwa nailoni au magunia yaliyolowa, na kuanzia kesho yake namwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba. Ajabu ya kazi yetu ndiyo hii: watu wanamimina maji ovyo kwenye karai, halafu wanayaonea uchungu zege likishamwagwa.

Nondo za mfuniko wa chemba zikae juu au chini?

Chini. Mtu akikanyaga katikati, upande wa chini ndio unaovutika, na zege haliwezi kuvutwa. Suka wavu wa nondo za milimita 8, kila sentimita 15, uunyanyue kwa vipande vya zege vya sentimita 2, vile tunavyoviita biskuti. Unene uwe sentimita 7 na nusu. Chemba ikiwa ya 60 kwa 120, gawa mfuniko mara mbili. Mzima una kilo 130, na siku chemba itakapoziba utatakiwa kuufungua. Vishikio vya nondo viweke kabla ya kumwaga.

Tupo pwani. Mchanga wa baharini ni bure.

Ni bure leo. Chumvi yake inakula nondo, kutu inavimba, na zege linapasuka kutokea ndani. Nunua wa mtoni.

Kaunta ya jikoni je?

Imwage kichwa chini juu ya plaiwudi laini, ili uso utakaoonekana uwe ule wa chini. Paka mafuta ya kupikia. Oili chafu ya gari inaacha madoa. Gonga mbao za pembeni kwa nyundo mpaka mapovu yaishe.

Slabu ya ghorofa naweza kuimwaga hivi hivi?

Hapana. Hiyo mwite mhandisi.