Kompyuta Inayojihudumia

Wafua chuma wa Ufipa wa zamani walijenga tanuru refu liitwalo ilungu, lenye kimo cha mita 3 hivi. Tanuru hilo halikuhitaji mivukuto. Kuni, mkaa na mawe yenye chuma vilipangwa ndani, matundu ya hewa yakaachwa chini, na joto lenyewe likaivuta hewa siku hata siku. Jasho lilitoka wakati wa kupanga. Moto ulipokwisha kuwaka, kazi iliyobaki ilikuwa kuutazama. Kazi ya msimamizi wa kompyuta nayo yafaa kugawanywa hivyo.

Skripti ni faili ya maandishi ya kawaida yenye amri ambazo msimamizi angeziandika moja moja kwa mkono. Kompyuta huzisoma toka juu hadi chini na kuzitimiza. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Louis Pouzin alitunga programu ya namna hiyo, RUNCOM, katika chuo cha MIT, Marekani. Toleo la saba la mfumo wa Unix, la mwaka 1979, lilikuwa na cron, yaani mtumishi anayeanzisha kazi kwa saa iliyopangwa. (Sisi wakati huo tulikuwa chini ya marufuku ya mwaka 1974 ya kuingiza kompyuta nchini.)

Tuchukue shule ya sekondari ya Sumbawanga yenye seva moja inayotunza alama za wanafunzi. Mwalimu anataka nakala ya alama hizo ifanywe kila siku saa nane usiku. Hapa Mswahili hana budi kujihadhari: cron huhesabu saa kuanzia saa sita ya usiku, kwa hiyo saa nane yetu huandikwa 2. Akiandika 8, nakala itafanywa saa mbili asubuhi, walimu wakiwa katikati ya kuingiza alama.

Tena, umeme ukiwa umekatika saa hiyo, cron haikumbuki deni; kazi hurukwa kimya kimya. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia na kwa mitambo ya dizeli, na kukatika kwake si jambo la kumshangaza mtu. Afadhali kuchagua saa ambayo mashine kwa kawaida imewashwa, au kutumia anacron, ambayo huuliza ni siku ngapi zimepita tangu kazi ifanywe. Vilevile skripti iandike nakala kwa jina la muda, na kulibadili jina hilo baada tu ya nakala kukamilika na kukaguliwa. Umeme ukikatika katikati, nakala nzima ya jana hubaki salama.

Sasa tuje kwenye kutazama moto. Kipimo kinachowachanganya wengi ni wastani wa mzigo, ambao Linux huutoa kwa dakika 1, 5 na 15. Fikiria mashine ya kusaga mahindi: tunahesabu anayesagiwa pamoja na wanaongoja. Seva yenye prosesa nne ikionyesha 4, mashine zote nne zina kazi na foleni hakuna. Ikionyesha 12, wanane wanangoja. Katika Linux hata kazi zinazongoja diski huhesabiwa, hivyo mzigo mkubwa hauna maana ya prosesa kuchoka sikuzote.

Kwa diski, kiwango cha leo peke yake hakisemi mengi. Mwendo wake ndio wenye habari. Diski ya gigabaiti 500 ilikuwa na 380 tarehe 1 Machi, na 425 tarehe 31. Ongezeko ni 45 kwa siku 30, yaani 1.5 kwa siku. Nafasi iliyobaki, 75, itakwisha baada ya siku 50: tarehe 20 Mei, alama za mwisho wa muhula zikikaribia kuingizwa. Skripti ya mistari michache yaweza kufanya hesabu hiyo kila asubuhi na kumwonya mwalimu wiki kadhaa mapema.

Zoezi: Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 20, na feni ya kompyuta hupoza pungufu kwa kasi ile ile. Andika skripti inayorekodi joto la prosesa na wastani wa mzigo kila baada ya dakika 10, kwa wiki moja ya Juni na nyingine ya Oktoba. Chora grafu, kisha eleza baridi ya Juni inafidia upungufu huo kwa kiasi gani.