Mashine ya Kukimbilia Nyumbani: Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia

Katika fizikia tumefundishwa habari za nguvu na msuguano, na katika baiolojia habari za moyo na sukari ya damu. Nimeona yafaa niyaunganishe mafunzo hayo katika kitu kimoja ambacho siku hizi chaonekana katika baadhi ya nyumba za Mtwara mjini. Kitu hicho ni mashine ya kukimbilia, yaani ile yenye mkanda uendao nyuma huku mtu akitembea au kukimbia pale pale alipo.

Asili ya chombo hiki haikuwa afya. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, ambalo wafungwa walilikanyaga kwa saa nyingi kama adhabu. Baada ya sheria ya magereza ya 1898 adhabu hiyo ilikomeshwa huko Uingereza. Kisha, katika miaka ya 1950 na 1960, daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, alitumia mashine ya mkanda kupima mioyo ya wagonjwa. Kipimo chake huanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, mkanda ukiwa umeinuliwa 10 kwa 100, na kila baada ya dakika 3 mwendo na mwinuko huongezwa. Basi kukanyaga kulikowaumiza wafungwa kulikuja kuwafaa wagonjwa, kwa sababu sasa kulikuwa na kipimo.

Shangazi yangu akaaye hapa mjini ana kisukari. Ugonjwa huo huo ulimfanya baba yangu mkubwa akatwe mguu, kwa hiyo jambo hili si mchezo kwetu. Daktari amemwagiza shangazi atembee. Lakini alfajiri huwaandaa wajukuu kwenda shule, mchana jua la pwani ni kali, na jioni akionekana anakwenda mbio njiani watu humsimamisha na kumwuliza, “Kulikoni, mama? Waenda wapi?” Likizo iliyopita aliniambia, “Mwanangu, wewe wasoma sayansi. Nitazamie mashine isiyonila fedha bure.” Haya ndiyo tuliyoyatazama.

Kwanza, umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyotumika Marekani huenda ikawa ya volti 110, nayo ikichomekwa hapa bila transfoma ya kufaa itaungua. Soma kibati cha mashine kabla ya kulipa. Hakikisha pia kwamba soketi ina waya wa ethi.

Pili, mota. Wauzaji wengine hutaja nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi tu. Uliza nguvu ya kudumu. Nguvu ya farasi 1 ni wati 746. Tuchukue mfano wa mashine inayotumia wati 600: kwa nusu saa itakula uniti 0.3, na kwa siku 5 uniti 1.5. Kwa hesabu hiyo kila mtu aweza kujua itakula kiasi gani cha LUKU yake.

Tatu, ukubwa. Kwa mtu wa kutembea tu, mkanda wa sentimita 120 kwa kawaida watosha. Mkimbiaji mwenye hatua ndefu ahitaji 140 au zaidi. Uzito ulioandikwa kwenye mashine uzidi uzito wa mtumiaji, wala usiwe sawa nao.

Nne, mahali. Acha nafasi ya mita 2 nyuma yake, ili aangukaye asibanwe ukutani. Tena, atembeaye njiani hupata upepo kwa kwenda kwake, lakini wa kwenye mkanda haupati, na hewa yetu ya pwani ina unyevu, hivyo jasho halikauki upesi. Hapana budi pawe na dirisha wazi au feni.

Sasa juu ya matumizi. Mwenye ugonjwa aanze kwa ruhusa ya daktari. Afunge kamba ya usalama nguoni, kwa maana ikichomoka mkanda husimama. Aanze polepole, kilomita 3 kwa saa, dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo. Kipimo chepesi ni hiki: aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, yaani dakika 30 kwa siku 5. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja.

Mwenye kisukari asipande peku kamwe. Ugonjwa huo hupunguza hisia za miguu, na lengelenge dogo laweza kuwa kidonda kikubwa. Avae viatu na soksi, na amalizapo aitazame miguu yake. Kitu kitamu kiwe karibu, maana dawa pamoja na mazoezi vyaweza kuishusha sukari mno.

Amalizapo, aichomoe plagi na kuificha kamba ya usalama, kwa sababu mkanda waweza kuvichubua vidole vya mtoto. Chumvi ya hewa ya baharini huleta kutu, basi vyuma vifutwe kwa kitambaa kikavu. Chini ya mkanda hutiwa mafuta ya silikoni, wala si mafuta ya kupikia au ya taa.

Wenye nafasi ya kutembea ufukweni Shangani au kando ya barabara ya Mikindani hawana haja ya kununua. Mchanga wenyewe huwatoa jasho kuliko mkanda. Mashine ni ya yule ambaye njia imemshinda. Shangazi aliipata iliyotumika, akaanza na dakika 10, na sasa amefika 25. Kliniki bado aenda, na dawa bado anywa, kwa sababu mashine haichukui nafasi ya daktari.

Wanafunzi wenzangu, mrudipo nyumbani likizo hii, watazameni wazee wenu. Mkiona wameagizwa kutembea nao hawatembei, waulizeni kwa adabu kizuizi ni nini, kisha tafuteni njia pamoja nao.