Neno “Vijidudu” Katika Maelezo ya Tiba ya Uke: Mfano wa Manda na Pwani ya Kenya

Makala haya yanachunguza namna neno vijidudu linavyotatiza uelewa wa tiba ya uke. Mwanamke wa Manda anayevuka mkondo kwa mashua hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, akirudi na metronidazoli iliyoelezwa kuwa “dawa ya kuua vijidudu” tu, atakuwa na dawa sahihi na picha potofu.

Uke wenye afya una bakteria wengi, hasa laktobasili, ambao hutengeneza asidi ya laktiki na kuufanya ute uwe mchachu. Uchachu huo huwazuia wengine wasitawale. Laktobasili wakipungua, bakteria wasiohitaji oksijeni hushamiri. Hiyo ndiyo vajinosi ya bakteria, hali inayoongeza hatari ya kuambukizwa VVU.

Metronidazoli huwaua hao walioshamiri na kwa kiasi kikubwa huwasaza laktobasili. McClelland na wenzake (2008) walilithibitisha hilo Mombasa kwa wanawake 310 wasio na VVU, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Baadhi yao walipewa kila mwezi, kwa mwaka mmoja, gramu 2 za metronidazoli pamoja na miligramu 150 za flukonazoli, dawa ya fangasi. Wengine walipewa dawa bandia. Kwa waliotibiwa, vajinosi ilipungua kwa takriban asilimia 45, na laktobasili wakaonekana mara nyingi zaidi. Hata hivyo, dawa ikikoma maradhi haya hurejea kwa wengi. Aidha, zipo antibiotiki zinazowaua laktobasili wenyewe, fangasi wakapata nafasi.

Hapo ndipo probiotiki inapoingia, yaani bakteria hai wanaopandwa baada ya dawa. Nchini Marekani, Cohen na wenzake (2020) waliwatibu wanawake 228 kwa metronidazoli, kisha theluthi mbili wakatiwa Lactobacillus crispatus ukeni. Kufikia wiki ya 12, vajinosi ilikuwa imerudi kwa asilimia 30 yao, dhidi ya asilimia 45 ya waliopewa bandia. (Mtindi haumo katika hesabu hii: bakteria wake ni wa aina nyingine.)

Vijidudu ni neno linaloandamana na vitenzi ua, ondoa na safisha. Haliandamani na panda wala tunza. Na kusafisha kwenyewe kuna hatari: utafiti mwingine wa Mombasa, wa 2006, ulionyesha kuwa wanawake waliojiosha ndani ya uke kwa sabuni waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasiojiosha ndani. Istilahi “bakteria walinzi” ni nyepesi kuliko maikrobiota, na muuguzi anaweza kuifafanua kwa Kiamu bila kufungua kamusi: walinzi wapo, dawa itumiwe kama ilivyoandikwa, na kuosha nje kwatosha.