Moyo wa Mchezaji: Usicheze Nao!

Najua wewe ni mtu wa mazoezi. Kama si mpira ni netiboli, kama si netiboli ni mbio, na kama si hayo basi unanyanyua vyuma uani au unasukuma mkokoteni sokoni kutwa nzima. Safi sana! Mazoezi ni rafiki wa moyo. Lakini leo tuzungumze jambo ambalo wanamichezo wengi hulificha, hata kwa mama zao.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye kwenye mbio alikuwa hashikiki. Siku ya mchujo wa timu ya UMISSETA alianguka kabla ya kumaliza, akazimia. Wengine wakammwagia maji. Wengine wakasema hakunywa uji. Wako pia waliosema amerogwa na shule jirani. Baada ya muda mfupi akazinduka, akacheka, akasema, "Niko fiti bwana!" Kisha akatuomba sisi washikaji zake tusimwambie mwalimu, maana angekatwa jina. Tukamtunzia siri.

Miezi michache baadaye akaanguka tena, safari hii mbele ya mwalimu. Akapelekwa hospitali, akakutwa na ugonjwa wa moyo. Bahati nzuri alipata matibabu na leo yuko hai. Lakini mimi kila nikikumbuka ile siri, najisikia vibaya. Tulidhani tunamsaidia, kumbe tulikuwa tunamchimbia kaburi.

MOYO WA MWANAMICHEZO UKOJE?

Moyo ni msuli. Kama vile mapaja ya mkimbiaji yanavyokomaa, na moyo nao hukomaa. Vyumba vyake hupanuka kidogo, kuta zake hunenepa kidogo, na kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Ndiyo maana mtu wa kawaida akiwa amepumzika moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, lakini mkimbiaji aliyeiva anaweza kuwa na mapigo 50 au hata 40 na akawa mzima kabisa.

Sasa tatizo liko hapa. Kuna ugonjwa ambao nao hunenepesha ukuta wa moyo. Huu hauletwi na mazoezi, bali mtu huurithi kwa mzazi, na unakadiriwa kumpata mtu 1 katika kila watu 500. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Ukuta wa kawaida hauzidi milimita 12 hivi. Mgonjwa mara nyingi hufika 15 na kuendelea. Katikati hapo, moyo wa mchezaji mzima na moyo wa mgonjwa vinaweza kufanana! Zaidi ya hayo, wanamichezo wenye asili ya Afrika mara nyingi huonyesha mabadiliko fulani kwenye vipimo ambayo kwao si ugonjwa. Ndiyo sababu kazi hii inahitaji daktari bingwa wa moyo anayewafahamu wanamichezo, asije akamzuia mzima na kumruhusu mgonjwa.

KANU NA FOÉ

Mwaka 1996 Nwankwo Kanu aliiongoza Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Alipojiunga na Inter Milan ya Italia, madaktari wakampima na kukuta vali ya moyo wake ina hitilafu. Fikiria, kijana wa miaka 20, bingwa wa Olimpiki, anaambiwa moyo wake ni mbovu! Akafanyiwa upasuaji Marekani mwaka huohuo. Mwaka 1997 akarudi uwanjani, na baadaye akang'ara na Arsenal. Mwaka 2000 alianzisha taasisi ya kuwasaidia watoto wa Afrika wenye maradhi ya moyo.

Marc-Vivien Foé wa Kamerun hakuwa na bahati hiyo. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, alianguka dakika ya 72 bila kuguswa na mtu, akafariki. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha ule ugonjwa wa ukuta mnene wa moyo. Nguvu zake zilionekana na dunia nzima. Ugonjwa wake ulijulikana baada ya kifo.

DALILI USIZOZIFICHA

Mwambie mwalimu, mzazi au mganga wa zahanati kama:
- Umezimia ukiwa katikati ya mazoezi au mara tu baada yake.
- Kifua kinauma au kubana unapokimbia.
- Moyo unakwenda mbio ghafla au unarukaruka bila sababu.
- Unaishiwa pumzi kuliko wenzako mnaofanya mazoezi sawa.
- Katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, hata kama watu walisema "alirogwa".

Hapa kwetu kuna jingine. Mafindofindo yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa inayovimbisha viungo na kuharibu vali za moyo. Wengi huanza utotoni, na ukubwani ndipo pumzi inakata. Kwa hiyo, koo likiuma pamoja na homa nenda ukapimwe, usiishie kusukutua maji ya chumvi tu. Ukiandikiwa penisilini, maliza dozi. Wale waliokwisha kupata ugonjwa huo huhitaji sindano kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Usiruke hata moja.

Na ukiwa na homa yoyote, pumzika. Baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo, na kukimbia wakati huo ni hatari. Mechi ziko nyingi, moyo ni mmoja.

UKIENDA KUPIMWA, UTAFANYWAJE?

Usiogope. Kwanza utaulizwa maswali: umewahi kuzimia? Nani kwenu alikufa ghafla? Sema ukweli wote, maana majibu yako ni kipimo cha kwanza. Kisha utapimwa presha na moyo utasikilizwa.

Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, ni kubandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni ukiwa umelala. Hakiumi, na kinaisha baada ya dakika chache. Kingine ni eko, ambacho hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo kwenye skrini, kama mama mjamzito anavyoonyeshwa mtoto. Ikibidi, utakimbia juu ya mashine huku moyo ukisomwa, au utavaa kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa. Hospitali kubwa kama Bugando na KCMC zina uwezo wa kukuchunguza, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Je, kupima kunasaidia kweli? Italia ilitunga sheria mwaka 1982 kwamba anayetaka kushindana lazima apimwe kwanza. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa karibu asilimia 90 kati ya mwaka 1979 na 2004.

WAKINIAMBIA NIACHE JE?

Hilo ndilo linalowafanya wengi wanyamaze. Lakini kupimwa hakumaanishi kufukuzwa. Wengi hukutwa wazima. Wengine hupewa dawa au hufanyiwa upasuaji kama Kanu. Christian Eriksen wa Denmark moyo wake ulisimama uwanjani tarehe 12 Juni 2021. Akapandikizwa kifaa kidogo cha kushtua moyo, na mwaka 2022 akarudi kucheza, hadi Kombe la Dunia.

Kuna wanaolazimika kuacha. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka mjini London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga vizuri kwa dakika 78! Waliomhudumia hawakukata tamaa, na akapona. Mwaka huohuo alistaafu soka akiwa na miaka 24. Inauma, sikatai. Lakini kati ya kuukosa mpira na kuukosa uhai, wewe ungechagua nini?

MWENZAKO AKIANGUKA

Akianguka bila kugongwa, haitikii, hapumui au anakoroma kwa shida, moyo wake huenda umesimama. Anaweza kutupatupa mikono kidogo. Usidhani ni kifafa ukamwacha. Kila dakika ni mali.

1. Mmoja aite msaada na kutafuta gari. Kama uwanjani kuna mashine ya kushtua moyo, iletwe mara moja.
2. Mlaze chali. Weka kiganja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko.
3. Kandamiza kwa nguvu, kifua kizame sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kinyanyuke. Mara 100 hadi 120 kwa dakika.
4. Ukichoka, mwenzako akupokee. Msiache mpaka azinduke au wahudumu wafike.

Usimmwagie maji. Usimtie kijiko mdomoni. Usimkalishe.

JIPIME: KWELI AU SI KWELI?

1. Mtu mwenye nguvu hawezi kuwa na ugonjwa wa moyo.
2. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo la kawaida kwa wakimbiaji.
3. Rafiki wa kweli hutunza siri ya mwenzake aliyezimia uwanjani.

Majibu: yote matatu si kweli. La tatu mimi nililikosa nilipokuwa kidato cha tatu. Wewe usilikose.

Haya, tukutane uwanjani!