Lesoni ya 9: Moto Uliowashwa Kisiwani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Ayubu 1:18, 19, Ayubu 2:11–13, Marko 3:1–5, Luka 13:1–5, Matendo 6:1–7, Matendo 11:27–30, Matendo 27:9–28:10, 2 Wakorintho 8:16–21, Yakobo 2:14–17.

Fungu la Kukariri: Matendo 28:2. Likariri kutoka katika Biblia yako, ukiangalia mambo mawili ambayo wenyeji wa kisiwa waliwatendea watu waliookoka baharini.

Usiku wa Ijumaa, Machi 13, 2015, Sabato ilikuwa imekwisha kuingia katika visiwa vya Vanuatu, kusini mwa Bahari ya Pasifiki, Kimbunga Pam kilipopita karibu na mji mkuu, Port Vila. Kilikuwa kimefikia daraja la 5, ambalo ni la juu kabisa, na upepo wake ulivuma kwa kasi ya takriban kilomita 250 kwa saa. Kisha kikaelekea kusini na kuvipiga visiwa vya Erromango na Tanna. Vanuatu ina visiwa kama 80, na wakati ule ilikuwa na watu wapatao 270,000. Zaidi ya nusu yao waliguswa na maafa hayo.

Rais wa nchi, Baldwin Lonsdale, hakuwepo nyumbani. Alikuwa Sendai, Japani, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa uliozungumzia jinsi ya kupunguza madhara ya maafa. Aliyekwenda kujadili majanga ya dunia alilazimika kusimama mbele ya mataifa na kuwaombea msaada watu wake mwenyewe.

Sabato ilipopambazuka, nyumba nyingi hazikuwa na paa na mashamba yalikuwa yamelala chini. Kwa watu wa Mungu, siku ya pumziko ilianza na jirani asiye na maji. Yesu alikabiliwa na hali kama hiyo, naye akauponya mkono uliopooza (Marko 3:1–5). Juma hili tujifunze namna ya kumsaidia aliyepigwa na tufani, na namna msaada wenyewe unavyoweza kumjenga au kumuumiza.

JUMAPILI

Nyumba Iliyoangukia Watoto

Soma Ayubu 1:18, 19 na Luka 13:1–5. Ni jambo gani ambalo Yesu alikataa kulisema juu ya watu waliokufa ghafula?

Vimbunga vya kitropiki huzaliwa juu ya bahari yenye joto. Maji yakifikia nyuzi 26 au zaidi, mvuke mwingi hupanda, hewa huanza kuzunguka, na mzunguko huo hupata nguvu kadiri unavyoendelea kupita juu ya maji ya moto. Kisiwa kidogo kikiwa njiani, hakina mahali pa kukimbilia.

Hata hivyo, baada ya kila janga kubwa hutokea mtu wa kuuliza, “Hao walikosa nini?” Rafiki za Ayubu waliliuliza swali hilo kwa maneno mengi. Watoto wake kumi waliangukiwa na nyumba iliyopigwa na upepo mkubwa, nao wakatafuta dhambi ya kuelezea msiba ule. Mwishoni Mungu mwenyewe aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Vivyo hivyo Yesu, alipokumbushwa waliouawa na Pilato, alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawageuzia wasikilizaji wake wito wa toba.

Lakini rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema kabla ya kukosea. Walisafiri kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno (Ayubu 2:13). Kama wangerudi makwao siku ya nane, pengine wangekumbukwa kama wafariji bora katika Biblia nzima.

*Je, umewahi kumwambia mtu aliyefiwa au aliyepoteza mali neno ambalo ungetamani kulirudisha? Unaweza kulitengeneza leo?*

JUMATATU

Onyo Lililosikilizwa

Soma Matendo 27:9–12 na Matendo 11:27–30. Linganisha jinsi maonyo haya mawili yalivyopokewa.

Paulo aliwaonya wenzake safarini kwamba majira ya kusafiri yamepita na kwamba hasara iko mbele. Akida aliyemchunga akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Matokeo yake yalikuwa siku nyingi bila kuona jua wala nyota, na shehena ikatupwa baharini.

Kanisa la Antiokia lilifanya tofauti. Agabo alipotabiri njaa kubwa, wanafunzi hawakungoja mpaka watu waanze kufa. Kila mtu, kwa kadiri alivyoweza, alitenga kitu, na zawadi ikapelekwa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli.

Katika Vanuatu, maonyo ya idara ya hali ya hewa yalitangazwa redioni na kutumwa kwa simu za mkononi. Makanisa na shule zikafunguliwa ziwe mahali pa kukimbilia. Huko Tanna watu waliingia katika nyumba za asili ambazo paa lake la nyasi hushuka mpaka ardhini, nyumba ambazo wazee waliwafundisha vijana kuzijenga. Katika visiwa vya Pasifiki wakulima pia wana desturi ya kukata vilele vya mihogo kimbunga kinapokaribia, ili upepo usiling'oe shina pamoja na mizizi. Kwa ukubwa wa kimbunga kile, ingetazamiwa wafe mamia. Waliothibitishwa kufa walikuwa chini ya 20.

Kila mmoja wa waliokufa ni msiba kwa nyumba yake. Lakini maelfu waliookoka wanatufundisha kwamba kujitayarisha hakupingani na imani. Nuhu alijenga safina kwa sababu aliamini.

*Kanisa lenu likitangaziwa mafuriko au kimbunga kesho, nani ana ufunguo wa jengo? Nani anajua nyumba za wazee na wagonjwa wasioweza kutembea?*

JUMANNE

Kwa Sababu ya Mvua na Baridi

Soma Matendo 27:37–28:2. Watu 276 walifika pwani wakiwa katika hali gani, na wenyeji waliona nini kwanza?

Watu wa Malta hawakuwauliza waliookoka ni wa dini gani. Miongoni mwao walikuwamo askari wa Kirumi, wafungwa, mabaharia, na mtume wa Kristo. Luka anasema waliwapokea wote. Anataja pia sababu ya ule moto: mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwapo. Wenyeji walitazama hali ya watu waliosimama mbele yao, wakatoa kile ambacho hali hiyo ilihitaji.

Ndivyo inavyopasa kuwa siku za kwanza baada ya kimbunga. Visima huingiliwa na maji ya chumvi na uchafu, kwa hiyo maji safi hutangulia: jerikani, vidonge vya kusafishia maji, sabuni. Kisha turubai, kamba na misumari, kwa maana mvua haingoji paa lijengwe. Katika maeneo yaliyopigwa na Kimbunga Pam, serikali ilikadiria kuwa asilimia 96 ya mazao ya chakula yaliharibika. Siku za mwanzo watu wanaweza kula ndizi na mashelisheli yaliyoanguka, lakini matunda hayo huoza upesi. Ndiyo maana pamoja na chakula hupelekwa mbegu za mboga zinazokomaa haraka, huku viazi vikuu na magimbi vikipandwa upya.

Visiwani kuna ugumu mwingine. Minara ya simu ilianguka, na visiwa vya mbali vikakaa siku kadhaa bila kusikika, mpaka ndege ziliporuka juu yake kutazama kilichosalia. Ilibidi msaada upakiwe tena kutoka merikebu kubwa kwenda mashua ndogo, na kutoka mashua kwenda mabegani mwa watu. ADRA, shirika la Kanisa la Waadventista Wasabato la maendeleo na misaada, lilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo Vanuatu.

*Yakobo 2:15, 16 inamtaja mtu anayetoa baraka ya mdomo peke yake. Ni hitaji gani la jirani yako ambalo umeliombea bila kulishughulikia?*

JUMATANO

Zawadi Iliyokaa Bandarini

Soma 2 Wakorintho 8:16–21 na Matendo 6:1–7. Kwa nini Paulo na mitume walijali utaratibu wa kugawa kuliko tunavyojali sisi mara nyingi?

Watu wa nchi nyingi waliguswa na habari za Vanuatu, wakakusanya vitu na kuvituma bila kuuliza. Makontena yapatayo 70 ya vitu ambavyo havikuombwa yalifika Port Vila. Miezi kumi baadaye, 18 kati yake yalikuwa bado bandarini, na gharama za kuyahifadhi zilipita dola milioni moja za Marekani. Zaidi ya nusu ya chakula kilichokuwamo kilikuwa kimepitwa na muda wa kutumika. Miongoni mwa vitu vilivyotumwa vilikuwamo viatu vya visigino virefu na mablanketi mazito, katika nchi ya joto.

Waliotuma walikuwa na huruma. Lakini huruma yao iliishia kwenye lango la bandari, ikazuia nafasi ya vitu vilivyohitajika na kuongeza mzigo kwa nchi iliyojeruhiwa. Serikali ya Vanuatu ilisisitiza kwamba misaada ipitie katika mpango mmoja. Wengine waliona ni kuchelewesha, lakini nchi ile ilijua visiwa vyake na watu wake.

Katika kanisa la kwanza, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema, “Bora tumetoa.” Waliteua watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Paulo naye, alipokusanya changizo la Yerusalemu, aliambatana na ndugu walioteuliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Orodha ya majina, stakabadhi, na hesabu inayosomwa mbele ya washiriki ni sehemu ya ibada kama ilivyo sadaka yenyewe.

*Mara ya mwisho ulipotoa nguo za msaada, je, ulitoa kile ambacho ungekubali kupewa? Ulimwuliza mpokeaji anachohitaji?*

ALHAMISI

Mikono Iliyookota Kuni

Soma Matendo 28:3–10. Paulo alikuwa mfungwa, amelowa, amechoka. Alifanya nini ufuoni?

Paulo alikuwa ameokota mzigo wa kuni na kuuweka motoni nyoka alipomrukia. Aliyekuwa akihudumiwa alikuwa akihudumu. Baadaye Publio, mkuu wa kisiwa, akawakaribisha siku tatu, na Paulo akaenda kwa baba yake Publio aliyekuwa mgonjwa, akaomba, akaweka mikono juu yake, akamponya. Wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja. Wakati wa kuondoka, wenyeji wakawapakilia vitu walivyovihitaji kwa safari.

Katika habari yote hii, kutoa na kupokea kunabadilishana mikono. Hakuna anayebaki kuwa mwombaji tu, wala hakuna anayebaki kuwa mfadhili tu. Mtu aliyepoteza nyumba hajapoteza akili wala heshima yake. Mama anayepokea turubai anajua upepo wa kwao huvuma kutoka wapi na nyumba ielekezwe upande gani. Akiulizwa, nyumba itasimama. Akiamriwa tu, ataona aibu juu ya hasara.

Yesu naye aliomba maji kwa mwanamke Msamaria kabla ya kumpa maji ya uzima (Yohana 4:7–10). Mfalme wa ulimwengu alikubali kuwa mhitaji, na kwa njia hiyo akamwinua aliyedharauliwa.

*Fikiri juu ya mtu ambaye kanisa lenu humsaidia mara kwa mara. Yeye ana kitu gani cha kulipa kanisa, nalo halijawahi kumwomba?*

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma tena Isaya 58:6–12, kisha Mathayo 25:31–46. Angalia kwamba walio mkono wa kuume wanashangaa kuambiwa kuwa walimhudumia Mfalme. Hawakuwa wakihesabu. Angalia pia kwamba Isaya 58, sura ya kumgawia mwenye njaa chakula, ndiyo hiyo hiyo inayomalizika kwa kuiita Sabato siku ya furaha (aya ya 13 na 14). Mungu aliyaweka pamoja mambo hayo mawili, na usiku ule wa Ijumaa Vanuatu yalikutana.

Maswali ya Kujadili:

1. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, Tanzania. Wengi walikuwa wamezoea kufikiri kwamba vimbunga ni vya nchi nyingine. Makanisa ya pwani na visiwani yanapaswa kuwa na nini tayari?

2. Darasani, jadilini hali hii: siku ya Sabato saa tatu asubuhi, familia iliyoezuliwa paa inafika mlangoni wakati masomo yanaanza. Nani anainuka, na ibada inaendeleaje?

3. Je, kuna wakati inafaa kutuma fedha kuliko vitu? Ni hofu gani inayotuzuia, na utaratibu gani unaweza kuiondoa?

4. Baada ya miezi michache habari za janga hunyamaza, lakini mashamba bado hayajatoa mavuno. Darasa lenu linaweza kumkumbuka nani ambaye wengine wamekwisha kumsahau? Andikeni jina lake, mchague watakaomtembelea kabla ya Sabato ijayo, kisha fungeni kwa maombi.