Matcha ya Wajapani: inywe kwa utamu wake, usiifanye dawa

Mama mmoja wa miaka thelathini na kitu alirudi kwenye kliniki yangu akiwa na uchovu ule ule aliokuja nao miezi miwili kabla. Alikuwa akihema akipanda ngazi za kwake, orofa ya tatu tu, na ndani ya kope zake kulikuwa kweupe. Siku ya kwanza damu yake ilipimwa ikawa gramu 8.9 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nilimpa vidonge vya madini ya chuma. Wiki nane baadaye, kipimo kilisoma 9.1. Minyoo hakuwa nayo, na hedhi yake haikuwa nzito. Nilimwuliza kama anameza dawa, akaapa kwamba hajaruka hata siku moja. Basi nikamwuliza anaimeza na nini.

Alifungua mkoba akatoa mkebe mdogo wenye maandishi ya Kijapani. "Nameza na hii, daktari. Si hii nayo ni dawa? Niliambiwa inasafisha damu."

Ilikuwa matcha, ile chai ya kijani ya unga ambayo siku hizi haikosekani katika mikahawa ya Nairobi. Alikuwa ameinunua kwa bei ambayo ingemnunulia majani chai ya nyumba nzima kwa miezi kadhaa. Na kila asubuhi, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiitumia kuzuia vidonge vyangu visifanye kazi.

Nitaeleza sababu hapo mbele. Kwanza, msomaji, tufahamiane na kinywaji chenyewe, maana nisingependa ufikiri kwamba nakukataza. Mimi mwenyewe nakinywa.

Mmea wa matcha ni ule ule wa Kericho na Limuru. Tofauti iko katika malezi na utengenezaji. Chai yetu ya kawaida hukatwakatwa na kuachwa ishike hewa hadi iwe nyeusi. Wajapani hufanya kinyume. Majuma matatu hadi manne kabla ya kuchuma, hufunika mashamba kwa nyavu au mikeka ili jua lisifike vizuri. Jani likikosa jua hujiongezea rangi ya kijani, na hubaki na kiasi kikubwa cha thianini, kiini kinachoipa chai ile ladha nzito iliyo karibu na ya mchuzi, bila uchungu mwingi. Likishachumwa hupitishwa kwenye mvuke mara moja ili lisibadilike rangi, hukaushwa bila kusokotwa, kisha mishipa na vijiti huondolewa. Kinachobaki, wanachokiita tencha, husagwa kwa mawe. Jiwe moja hutoa gramu 30 au 40 tu kwa saa. Ukijua hilo, bei ya mkebe haitakushangaza sana, na utaanza kuushuku ule mfuko mkubwa wa bei rahisi.

Jambo moja kubwa likumbuke: katika chai ya kawaida tunachemsha majani na kuyatupa, lakini matcha jani lenyewe linamezwa. Chochote kilichomo, kizuri na kibaya, kinaingia tumboni.

Hii habari ya kuiita dawa haikuanza na mgonjwa wangu. Mtawa wa Kibudha aliyeitwa Eisai alirudi Japani kutoka Uchina mwaka wa 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka wa 1211 aliandika kitabu cha kuisifu kuwa dawa ya kurefusha maisha. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1214 mtawala Minamoto no Sanetomo aliamka na kichwa kinachomgonga baada ya kulewa usiku kucha, na Eisai akampelekea bakuli la chai pamoja na nakala ya kitabu chake. Muuzaji hodari huyo! Ni baadaye sana, zama za Sen no Rikyu aliyefariki mwaka wa 1591, ndipo chai hii ilipokamilika kuwa sanaa ya kumkaribisha mgeni: chumba kidogo, bakuli moja, watu wachache, hakuna haraka. Kwa maoni yangu Rikyu aliielewa kuliko Eisai.

Sasa twende dukani. Mkebe wangu wa kwanza niliununua bila kuuliza, nikaufungua nyumbani nikakuta unga wa rangi ya majani makavu, unaonuka kama nyasi za zizini. Niliumwaga. Tangu siku hiyo naangalia rangi kwanza. Matcha nzuri ina kijani kibichi kinachong'aa, kama jani changa la mgomba. Ikielekea manjano au hudhurungi, ama ni kuukuu, ama ilitengenezwa kwa majani yaliyokomaa, ama si matcha bali ni chai ya kijani ya kawaida iliyosagwa. Chukua kidogo usugue kati ya vidole viwili: iteleze kama poda ya mtoto. Ukihisi chembechembe kama za unga wa ugali, iache. Harufu iwe tamu na mbichi.

Kama mkebe umefungwa na huwezi kuugusa, soma maandishi. Orodha ya vilivyomo iwe na kitu kimoja tu. Nimeona pakiti ambazo sukari ndiyo imetajwa mwanzo, maziwa ya unga pili, na matcha mwishoni kabisa. Mwenye kisukari akidhani anakunywa afya, anakunywa peremende. Tafuta jina la mahali ilipotoka: Uji karibu na Kyoto, Nishio katika mkoa wa Aichi, Yame katika mkoa wa Fukuoka, au Kagoshima kusini. Uchina nayo inasaga matcha nyingi siku hizi, na si yote mbaya, ila muuzaji asikuuzie ya Uchina kwa bei ya Uji. Mavuno ya kwanza ya mwaka, ya mwezi wa Aprili na Mei, ndiyo bora. Lile neno la Kiingereza la "ceremonial", yaani ya sherehe, lisikubabaishe. Hakuna sheria ya Japani inayolipima. Mfungaji yeyote anaweza kuliandika. Mwisho wa mwaka wa 2024 mahitaji ya dunia yalizidi kiasi kwamba baadhi ya wauzaji wakongwe wa Kyoto waliwapimia wateja mikebe michache tu. Palipo na uhaba, wadanganyifu hawakosi.

Nunua mkebe mdogo, wa gramu 30. Ukitumia gramu 2 kwa siku utakuwa umekwisha katika majuma mawili, nayo ni afadhali, kwa sababu matcha ikishafunguliwa huanza kufifia. Ifunike kabisa, uiweke mahali pa baridi pasipo na mwanga. Ukiiweka katika friji, iwe mbali na samaki na vitunguu, na uache mkebe upate joto la chumbani kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu utaingia.

Kutayarisha ni rahisi kuliko inavyosemwa. Pitisha kijiko kimoja kidogo cha unga, kisichojaa, katika chungio la chai hadi ndani ya bakuli. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanalalamika kwamba ina madonge. Maji yasiwe yanayochemka. Yanayofaa ni ya nyuzi 70 hadi 80, na kama huna kipimajoto, chemsha, mimina katika kikombe, kisha uhamishe katika kikombe kingine. Kila ukihamisha yanapoa kwa nyuzi kumi hivi. Tia maji kiasi cha robo kikombe. Wajapani hukoroga kwa chasen, kifaa cha mwanzi kilichochanwa kuwa meno mengi membamba, mfano wa ufagio mdogo. Huna? Tumia kile kidude cha betri cha kutoa povu la maziwa, au utie katika chupa yenye kifuniko na uitikise kwa nguvu. Usikoroge kwa kuzungusha. Peleka mkono mbele na nyuma haraka hadi povu laini lifunike juu. Kunywa mara moja kabla unga haujatulia chini.

Mara ya kwanza huenda ukakunja uso. Sisi tumelelewa na chai ya maziwa na vijiko viwili vya sukari. Hakuna ubaya kuongeza maziwa ya moto, lakini jaribu kwanza tupu, na uionje pamoja na kitu kitamu kidogo, kama wanavyofanya wenyewe. Tende moja inatosha.

Hayo maji yasiyochemka yana faida nyingine ambayo kama daktari siwezi kuinyamazia. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hapa kwetu saratani hiyo imezidi katika sehemu kama Bomet, ambako chai hunywewa ikiwa moto sana. Hivyo hata ile ya nyuzi 70 iache ipumue kidogo.

Turudi kwa yule mama. Chai zote, nyeusi na kijani, zina viini vinavyonasa madini ya chuma tumboni kabla hayajaingia katika damu. Chuma cha nyama hakisumbuliwi sana. Kinachonaswa ni kile cha vidonge na cha mboga: sukuma wiki, maharagwe, dengu, terere. Sasa fikiria mtu wa mjini anayekula nyama mara moja kwa wiki, anayesukuma kila mlo kwa kikombe cha chai. Matcha haina dhambi ya pekee hapa. Chai yetu ya maziwa hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hakuna anayekunywa chai ya maziwa akidhani anaongeza damu. Dawa yake ni saa: kunywa chai saa moja kabla ya chakula au saa mbili baadaye, na vidonge vya chuma vimezwe kwa maji.

Wajawazito waniskilize zaidi. Pamoja na chuma, chai ya kijani inaweza kupunguza asidi ya foliki inayoingia mwilini, na hiyo ndiyo inayomkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Tena kuna kafeini. Gramu 2 za matcha zina kama miligramu 40 hadi 90, kutegemea aina, karibu sawa na kikombe cha kahawa. Mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku kutoka vyanzo vyote, soda za kola na chai zikiwemo. Mwenye vidonda vya tumbo au moyo unaopiga ovyo asiinywe kabla ya kula. Na asiyepata usingizi aache kuinywa baada ya chakula cha mchana. Ni kweli kwamba thianini huifanya kafeini yake ionekane tulivu kuliko ya kahawa, lakini ipo.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba jani hili lina vitamini K, ambayo hupingana na dawa hiyo. Asianze wala kuacha matcha bila kumwambia daktari wake. Chai ya kijani pia hupunguza nguvu ya nadololi, dawa moja ya shinikizo la damu. Na kuhusu shinikizo lenyewe: utafiti umeonyesha kwamba chai ya kijani inaweza kulishusha kidogo mno, si kiasi cha kumfanya mtu aache vidonge. Nimeshaona aliyeacha. Aliletwa mdomo umekwenda upande.

Wanaotaka kupunguza unene pia huuliza. Mwaka wa 2012 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokuwapo na wakakuta kwamba uzani unaopungua kwa chai ya kijani ni mdogo, hauna maana kwa afya. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, vinavyouzwa kwa ajili hiyo, ndivyo vinavyonitia hofu. Mwaka wa 2018 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilionya kwamba kiini chake kikubwa kikifika miligramu 800 kwa siku kutokana na vidonge, dalili za kuumia ini zinaweza kuonekana katika damu. Bakuli moja au mawili ya matcha hayafiki huko.

Yule mama sikumnyang'anya mkebe wake. Nilimwambia ameze vidonge alfajiri kwa maji matupu, na matcha aisogeze hadi saa nne, akiwa kazini. Wiki sita baadaye damu yake ilikuwa 11.2, na ngazi za orofa ya tatu anazipanda huku akizungumza. Bado anaendelea na vidonge kwa miezi mitatu ili kujaza akiba. Alipokuja mara ya mwisho malalamiko yake yalikuwa moja tu, kwamba mkebe sasa unakwisha kwa wiki moja, kwa sababu mumewe naye ameonja.