KIU NA AKILI YA MTOTO DARASANI



Wazee wetu waliobeba pembe kati ya Tabora na pwani walikuwa na hesabu yao ya maji. Baina ya Unyanyembe na Ugogo walivuka pori la Mgunda Mkali, ambako visima vilikuwa haba. Huko walikwenda mwendo walioita terekeza: walipika na kunywa mchana, wakaondoka alasiri na vibuyu vyao, wakalala porini pasipo maji, na alfajiri wakaendelea mpaka kisima kingine. Walikunywa kabla ya kazi, hawakungoja kiu.

Darasani wengine wetu tulifanya kinyume. Mwezi mmoja wa Septemba, nikiwa mwalimu kijana, nilimsimamisha pembeni mtoto aliyeshindwa hesabu aliyoiweza jana yake. Alikuwa ametembea kutoka mbali, na mtungi wetu ulikuwa mkavu. Nilimwita mvivu. Namkumbuka hata leo.

Maji ya mwili yakipungua, chumvi ya damu huzidi. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo huitambua hali hiyo, ikaziagiza figo zibane maji (ndiyo maana mkojo huwa wa rangi nzito), tena huamsha kiu. Lakini kiu haikai pahali pamoja. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za panya waliofundishwa kwamba harufu fulani huleta tone la maji. Panya mwenye kiu aliponusa, shughuli ilienea karibu ubongo mzima. Aliyekwisha kunywa akatosheka hakujali, ingawa harufu ni ile ile. Walipoziamsha seli zake za kiu, akarudia kutafuta maji kana kwamba hajanywa.

Hivyo akili ya mtoto mwenye kiu yaweza kuwa macho kabisa, ila imeshikwa na mtungi. Inakadiriwa kuwa mtu akipoteza maji yapatayo asilimia 2 ya uzito wake, usikivu huanza kulegea. Kwa mtoto wa kilo 30 ni gramu 600 tu, kama chupa mbili za soda. Jua la kwetu la Septemba halishindwi na hilo.

Walimu wa Shule ya Jumapili, wapeni watoto maji wanapoingia, msingoje wakati wa kutoka. Koo hutulia mara moja, lakini maji huchukua dakika kumi au zaidi kuingia katika damu. Na mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kukojoa katikati ya somo, asikemewe.